Tarishi na Chekecheo la Upepo

Kabla ya kuiona pikipiki yake ulikisikia kikohozi chake. Mota ilikuwa na mlio wa chini, wa kukoroma, na upepo wa uwanda ule uliuchukua na kuupeleka kwingine. Kikohozi kilikuwa kikavu na cha juu, kilipenya. Sisi wa ofisini tulikuwa tunaweka kalamu chini na kusema, "Barua zimefika," na baada ya muda ndipo vumbi lilipotokea kwenye kona ya shamba la mbegu.

Nilifanya kazi naye miaka saba katika moja ya yale mashamba makubwa ya ngano ya serikali, magharibi ya Mlima Hanang. Jina lake lilikuwamo kwenye daftari la wafanyakazi, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Meneja alimwita Tarishi, wapishi walimwita Tarishi, na nadhani hata mbwa wa getini walimjua hivyo. Mimi nilikuwa karani wa mvua. Nilikuwa na kidato cha nne, daftari la mistari, chombo cha kupimia mvua na mlingoti wenye vikombe vinavyozungushwa na upepo. Kila asubuhi niliandika mvua imenyesha kiasi gani na upepo umevuma kutoka wapi. Kwa hiyo nilijiona mtu anayeujua upepo. Nasema hili mapema kwa sababu lina kazi yake mbele.

Chombo chake cha usafiri kilitengenezwa palepale shambani. Fundi wa karakana aliunga nusu ya mbele ya pikipiki iliyopata ajali na ekseli ya tela dogo la mbegu, akaweka sanduku la mbao juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Bajaji zilikuwa hazijafika kwetu, hata neno lenyewe hatukulijua. Tuliuita mtambo ule Miguu Mitatu. Ulibeba barua, mikanda ya kombaini, dawa za zahanati, mara nyingine mbuzi wa sikukuu. Haukubeba abiria. Ukimwomba lifti alikuwa anaitazama miguu yako na kusema, "Hiyo mbona ni mizima?"

Kitu kingine ambacho hakubeba ni maneno. Hili lilikuwa sheria kwake. Mtu angemkimbilia na kumwambia, "Tarishi, ukifika kambi ya chini mwambie mke wangu nitachelewa." Alikuwa anazima mota, anafungua mfuko wake wa turubai na kutoa kipande cha karatasi na penseli fupi.

"Andika."

"Ah, Tarishi, ni neno moja tu!"

"Neno moja ndiyo linaharibika njiani. Mimi nabeba karatasi. Maneno kila mtu anabeba ya kwake."

Wasiojua kuandika aliwaandikia yeye, kwa herufi kubwa zilizolala upande mmoja, kisha akawasomea mara mbili wahakikishe. Alipofika alikabidhi karatasi bila kuongeza kitu. Umbea wa shamba zima ulipita mikononi mwake kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuupata kutoka kwake.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea awe na haraka. Hakuwa nayo. Alipokutana na mtu mzima njiani alisimama na kuzima mota kabisa kabla ya kusema shikamoo. Aliona si adabu kumwamkia mtu huku umekalia kitu kinachonguruma. Tatizo ni kwamba Miguu Mitatu haikupenda kuwashwa. Alipiga kiki mara sita, mara kumi, akahema, akakohoa, akapiga tena. Wazee wawili njiani walitosha kuchelewesha barua ya wizara kwa nusu saa. Meneja alimkanya. Alijibu, "Ndiyo, mzee," na kesho yake akazima tena. Kuna mtaalamu mmoja wa kigeni, mtu wa mvi kabisa, aliyefundishwa vibaya na vijana wa karakana. Alimwona Tarishi akamwambia shikamoo. Tarishi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kama ishirini, alimwangalia, akaitika "Marahaba" kwa upole na kuendelea na safari. Tulipomuuliza alisema, "Ameipeleka mwenyewe. Ningeirudishaje?"

Alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa mkali juu ya uongo. Alikuwa pia mtu wa kuacha tumbaku kwa wafugaji wa Kibarbaig waliokaa mpakani mwa shamba, watu ambao shamba na wao hawakuwa wakisalimiana vizuri, maana ngano ilikuwa imelala juu ya njia zao za zamani za ng'ombe. Meneja hakupenda. Tarishi hakuzungumza habari hiyo na mtu. Alisimama, akazima mota, akaamkia, akaacha tumbaku, akapiga kiki.

Sasa kuhusu upepo.

Aliyewahi kukaa kule kiangazi haulizi. Kuanzia mwezi wa sita uwanda ulikuwa wazi kama meza, hakuna mti, ngano imekauka, na upepo ulitoka mashariki asubuhi na haukupumzika mpaka jua lizame. Ulikuwa wa baridi na ulikuwa na kazi, maana wakati huohuo kombaini zilikuwa zinavuna na makapi yote yalikuwa hewani. Kwa mtu aliyekalia pikipiki siku nzima ilikuwa kama kumwagiwa maji ya baridi yenye mchanga. Tarishi alivaa koti la jeshi la mitumba, chini yake fulana mbili, na katikati, kifuani, karatasi ngumu za mifuko ya saruji alizozikunja vizuri kama shati. Alipotembea alilia chakacha chakacha. Wapishi walimtania: "Tarishi, leo umevaa mifuko mingapi?" Alijibu, "Miwili. Wa tatu nimemwachia mama yenu ajengee." Wapishi walicheka mpaka sufuria zikaungua.

Lakini kifua kilizidi. Kiangazi kimoja alilala zahanati siku tisa, na aliporudi Meneja alimwita. Nilikuwepo, nikipeleka daftari langu la mvua.

"Tarishi, mganga ameniandikia. Kifua chako hakitaki upepo."

"Ndiyo, mzee."

"Ukiugua tena kabla mavuno hayajaisha nakuweka getini. Kazi ya kukaa. Kuna kibanda, kuna jiko la mkaa. Utapona."

Meneja hakuwa mtu mbaya, na alidhani anampa zawadi. Hakufikiria kwamba kila Ijumaa Tarishi alipeleka barua za shamba Mbulu mjini, akipanda milima kupitia Dongobesh, na kwamba Jumamosi na Jumapili alilala kwake Nambis, kwa mkewe na mashamba yao ya mahindi na ngwara, kisha Jumatatu alfajiri akashuka. Mlinzi wa geti alikwenda kwao mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo. Tarishi alitoka ofisini, akasimama kando ya Miguu Mitatu akiwa ameshika usukani, mota ikiwa imezimwa. Nilimfuata.

"Getini mtu anafanya nini?" akaniuliza.

"Anafungua. Anafunga."

"Anasubiri wengine wapite," akasema. "Mke wangu atanisahau sura."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na vikombe vyangu vya upepo. Nikamwambia, "Mzee, upepo ni kitu cha kuzuiwa tu. Tuweke kinga." Nikachora kwenye daftari: bati moja pana mbele ya usukani, mabati mawili ya kusimama pembeni kuanzia magotini mpaka mabegani, yameungana na la mbele bila mwanya. Kama chumba kisicho na paa. Alitazama mchoro muda mrefu. Aliheshimu sana karatasi.

"Hii umesomea?"

"Nimesomea."

Fundi wa karakana alikata na kufunga kwa bolti siku hiyohiyo. Tarishi alitoka nayo kama mtu aliyebeba kabati.

Siku ya pili alirudi anakohoa vibaya zaidi. Alisema mbele pametulia kweli, ila upepo unazunguka na kumrudia kwa nyuma, na unaleta makapi yote na kuyaangusha usoni kwake. Alifungua kiganja na kunionyesha makapi aliyoyafuta kwenye masharubu.

Sikukubali kwamba nimekosea. Nilisema bati ni fupi. Tukaongeza kimo.

Siku ya tano hakufika. Tulisubiri kikohozi chake mpaka saa saba, halafu Fundi na mimi tukachukua trekta na kwenda kumtafuta. Tulimkuta kwenye njia panda ya mpakani, mahali ambapo barabara inageuka na upepo unakupata ubavuni. Upepo ulikuwa umelisukuma bati la pembeni kama tanga la hema, ukainua gurudumu moja, na Miguu Mitatu ikalala. Mfuko wa barua ulikuwa umefunguka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa chini, mkono wa kushoto ameushika na wa kulia, mfupa wa bega umevunjika, na hakuwa akiangalia mkono. Alikuwa akiangalia ua wa miiba.

Kiasi cha hatua mia kutoka pale kulikuwa na boma la mama mmoja wa Kibarbaig, mjane wa makamo aliyevaa vazi la ngozi na bangili za shaba. Boma lilizungushiwa matawi ya miiba yaliyorundikwa, yasiyobanana, unaona ndama kwa ndani. Barua zetu zote zilikuwa zimenasa kwenye ile miiba. Nyeupe, kahawia, zenye mihuri, za wizara, za mapenzi, zote zinapepea. Na yule mama alikuwa anazichuma moja moja, akizipanga kwenye mkono kama mtu anayechuma majani ya maboga.

Tarishi alijikokota mpaka pale kabla hatujamshika, akasema, "Habari za hapa, mama," kwa sauti ya mtu asiye na mfupa uliovunjika.

"Nzuri. Wewe mzee wa karatasi, karatasi zako zimekuja kuniamkia kabla yako."

"Zimekosa adabu."

"Hazijakosa. Zimekaa. Wewe ndiyo umeruka." Akaitazama Miguu Mitatu iliyolala na kucheka bila kuficha. "Hicho kitu chenye bati, umekijengea nini?"

"Upepo. Kifua kinaumwa."

"Nani alikwambia kufunga bati?"

Tarishi hakunitazama. Nami nilitazama barua.

"Bati!" akasema yule mama. "Ghala la shamba lenu lina bati, paa liling'oka kiangazi kilichopita nikaliona linapita hapa juu. Ua wangu uko hapo. Njoo uone." Akatuingiza. Ndani ya ua, upande wa upepo, ndama walikuwa wamelala. Kulikuwa na moto mdogo wa kuchemshia maziwa, na moshi wake ulipanda karibu wima. Nje kofia ya Fundi ilikuwa imepeperuka zamani. "Upepo ukiuzibia unaruka juu, unakuangukia huku nyuma. Mimi nauachia mahali. Unaingia, unachoka ndani ya miiba, ukifika hapa hauna nguvu. Huyu ndama wa juzi hawezi upepo, na amelala."

Tarishi aliweka mkono wake mzima kwenye miiba, akasikilizia kwa kiganja. Kisha akahesabu barua. Zilikuwa zimetimia.

Meneja alitaka kujua. Alikuja zahanati, mganga akiwa anamfunga Tarishi bega, na sisi tumesimama mlangoni.

"Nani alifunga yale mabati? Chombo cha shamba kinabadilishwa bila ruhusa, mtu anavunjika, barua za serikali zinatupwa porini. Nani?"

Fundi alinitazama. Nilijua Fundi hawezi kusema kabla yangu. Nilifungua mdomo, na nakumbuka vizuri kwamba nilifikiria mlingoti wangu, daftari langu, na barua ya kupelekwa kozi ya hali ya hewa niliyokuwa naisubiri. Nikafunga mdomo.

"Nilisinzia, mzee," Tarishi akasema.

"Ulisinzia? Saa tano asubuhi?"

"Nilisinzia."

Mzee wa kanisa, mkali juu ya uongo. Meneja alikasirika zaidi, kwa sababu tarishi anayesinzia ni hatari kuliko anayekohoa. Akasema mavuno bado wiki sita. Bega likipona apewe nafasi ya mwisho. Akikohoa mbele ya mganga, au akianguka, geti.

Alipokaa sawa alikuja karakana akiwa na bandeji, akazunguka nyuma ambako kombaini zilizokufa ziliwekwa. Alirudi amekokota chekecheo, lile bamba la ndani ya kombaini lenye mamia ya matundu, linalopitisha ngano na kubakiza makapi. Akalisimamisha mbele ya Fundi.

"Kata hili. Vipande vitatu. Visiungane."

"Lakini lina matundu," nikasema.

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Wewe Bati," akasema, "shika upande huo, inua."

Tangu hapo nilikuwa Bati. Wengine walidhani ni kwa sababu ya ukonde wangu, wakaliiga. Hakuwaeleza.

Vipande vya chekecheo vilifungwa kimoja mbele, viwili pembeni, vyenye nafasi ya vidole vinne kati yao, na vya pembeni vimefupishwa mpaka kiunoni. Bega lilipopona alikwenda na mtambo mpaka shamba la mwisho na kurudi, upepo ukiwa ule niliouandika kwenye daftari langu kuwa mkali kuliko wa mwezi mzima. Nilisimama na mganga uani. Tulisikia mota. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuisikia kabla ya kikohozi, na kidogo nisiijue. Akazima, akashuka, akamwamkia mganga. Mganga aliweka kile chombo chake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni.

"Umevaa karatasi za saruji?"

"Hapana. Leo zinafuliwa."

Ijumaa iliyofuata alipanda Mbulu. Nilimwona akikata kona ya shamba la mbegu, vumbi likipita katikati ya matundu, yeye ameketi wima kama mtu aliye sebuleni. Hakwenda getini kamwe. Kozi yangu niliipata, nikaondoka mwaka uliofuata.

Baada ya hapo nilikaa Babati, Singida, Kondoa, tena Babati. Nilipima mvua, nilifundisha kidogo, niliendesha lori, niliuza vitunguu. Sina tabia ya kukaa. Nikiwa mahali nakumbuka nilipotoka, nikirudi nilipotoka nakumbuka kwingine. Mashamba yalidhoofika, kombaini zikafa moja moja, wafanyakazi wakaenda kwao. Nilipopita uwanda ule mara ya mwisho mlingoti wangu ulikuwepo bado, bila vikombe.

Nilimkuta Nambis miaka miwili iliyopita, mimi nikiwa nimeshavuka arobaini. Nilipanda bodaboda kutoka Mbulu mjini. Nilikuwa na jambo moja la kusema na nilikuwa nimeliandaa tangu Endasak, nilikolala siku mbili bila sababu, nadhani kwa kuliogopa. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko. Nilimwambia dereva azime pikipiki mbali kidogo, nikatembea.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, amejifunika blanketi, amekuwa mdogo. Kwenye banda la kuku niliona kipande cha chekecheo kimefanywa mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama. "Bati."

Mkewe alileta chai ya maziwa. Tukaongea habari za waliokufa, za bei ya mahindi, za ng'ombe wake wawili. Alikohoa kati ya sentensi. Hatimaye nikasema, "Mzee, siku ile zahanati. Nilipaswa kumwambia Meneja kwamba mabati yalikuwa yangu. Wewe kwa nini hukusema?"

Alifikiri, kama anatafuta karatasi kwenye mfuko.

"Yale yalikuwa maneno yako," akasema. "Mimi sikubeba maneno ya mtu."

"Ukasema ulisinzia. Ulidanganya."

"Sikudanganya. Mtu aliye macho angeliona lile bati litamfanya nini." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikamchukua muda mrefu. Kilipomwachia akafuta midomo. "Umechelewa nayo sana. Lakini yamefika."

Upepo wa jioni ulianza kushuka kutoka mlimani, wa baridi, ukiingia barazani kwa upande wake. Akavuta blanketi.

"Bati, hamia upande ule."

Nikachukua kigoda changu na kikombe, nikakaa kati yake na upepo. Nilitaka kujibana kabisa na nguzo. Kisha nikasogea nyuma kidogo, nikaacha nafasi ya vidole vinne.

"Hapo," akasema.

Nilikaa pale mpaka chai yake ilipoisha. Muda wote mvuke wake ulikuwa ukipanda karibu wima.